Kupima mafuta mwilini nyumbani kwa tepu, mizani na daftari

Mizani ikisoma kilo 82 leo na kilo 82 mwezi ujao, bado hujajua kama mwili umebadilika. Ndani ya kilo hizo kuna mafuta, misuli, mifupa, maji, chakula kilicho tumboni na mkojo ambao haujatoka. Mtu aliyeanza kunyanyua vyuma huweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa wakati mmoja, suruali ikalegea kiunoni na mizani isiseme kitu. Mwingine anajinyima chakula, kilo zinashuka haraka, majirani wanampongeza, kumbe sehemu kubwa ya alichopoteza ni misuli na maji. Kazi ya kupima mafuta ni kuwatofautisha watu hawa wawili.

Hakuna kifaa cha nyumbani kinachopima mafuta yenyewe. Kila kimoja hupima kitu kingine, iwe mzunguko wa kiuno, unene wa mkunjo wa ngozi au jinsi mwili unavyozuia umeme, kisha hukadiria mafuta kwa kanuni. Asilimia unayoipata leo inaweza kuwa mbali na ukweli kwa pointi tatu au nne na bado ikakufaa sana, mradi kosa liwe lile lile kila unapopima. Ukitoa kipimo cha mwanzo kwenye kipimo cha sasa, kosa hilo linafutika na unabaki na mabadiliko. Ukibadilisha tepu, saa ya kupima, mahali pa kupimia au mtu anayekupima, kosa halifutiki tena. Watu wengi huharibu vipimo vyao hapo hapo.

Vifaa

Tepu ya fundi cherehani ya sentimita 150 inatosha. Chagua ya plastiki yenye nyuzi ndani, isiyovutika, kwa sababu ya kitambaa hurefuka kwa matumizi. Kabla ya kuiamini, ilaze kando ya tepu ya chuma ya seremala ulinganishe alama ya 100. Zikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita, tafuta nyingine. Angalia pia ncha yake: tepu nyingi zina kibati, na sifuri huanzia mwanzo kabisa wa kibati hicho. Mwenye nyonga zinazozidi sentimita 150 atumie uzi usiovutika, autie alama kwa kalamu, kisha aupime juu ya meza.

Mizani iwe ya kidijitali na ikae kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia au mkeka husoma ovyo. Ijaribu hivi: jipime, shuka, chukua mfuko wenye chupa sita za maji za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa, panda tena. Uzito unapaswa kupanda kwa kilo 9 na kidogo kwa ajili ya plastiki. Jaribio hili linafichua pia tabia moja mbaya ya mizani za kidijitali: baadhi hukumbuka uzito wa mwisho na kuurudia kama tofauti ni ndogo, ili zionekane haziyumbi. Ukijipima mara tatu mfululizo ukapata namba ile ile mpaka gramu 100, panda na mzigo kwanza, shuka, kisha panda mtupu.

Kiuno peke yake

Kama una dakika mbili tu kwa mwezi, pima kiuno. Mafuta hatari zaidi ni yale yaliyojaa ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo, na tepu ya kiunoni ndiyo inayoyakaribia kuliko kifaa chochote cha bei rahisi.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kupima katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Bonyeza ubavuni kwa vidole mpaka uukute ubavu wa chini kabisa, kisha shuka mpaka ukutane na mfupa wa nyonga, na utie alama katikati. Simama wima, miguu karibu, mikono ikining'inia. Zungusha tepu moja kwa moja kwenye ngozi, si juu ya shati wala khanga. Pumua kawaida, na usome mwisho wa kutoa pumzi, kabla hujavuta nyingine. Tepu iguse ngozi pande zote bila kuizamisha. Pima mara mbili: vipimo vikipishana kwa chini ya sentimita 1, chukua wastani, vikizidi hapo, rudia vyote viwili.

Kwa mwanamume, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kinapofika sentimita 94, na huwa kubwa kuanzia 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Viwango hivi vilitokana na watu wa Ulaya, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeshauri Waafrika wa kusini mwa Sahara wavitumie hadi data zao wenyewe zitakapopatikana. Kuna njia nyingine inayojali urefu wa mtu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80.

Kutoka kwenye tepu hadi asilimia

Kanuni ya tepu inayotumika sana ni ile ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, iliyotungwa na watafiti Hodgdon na Beckett mwaka 1984. Mwanamume anahitaji urefu, shingo na tumbo. Mwanamke anaongeza nyonga. Vyote viwe kwa sentimita.

Shingo hupimwa chini kidogo ya kikoromeo, tepu ikiteremka kidogo upande wa mbele. Mabega yalegee; ukiyapandisha, shingo inanenepa. Tumbo la mwanamume hupimwa usawa wa kitovu, na kiuno cha mwanamke hupimwa pale palipo pembamba zaidi. Tafadhali usichanganye sehemu hizi na ile ya Shirika la Afya. Kwenye tumbo lenye kitambi, kitovu na katikati ya ubavu na nyonga vinaweza kupishana sentimita kadhaa, kwa hiyo ziandike kwenye safu mbili tofauti za daftari. Nyonga hupimwa pale makalio yalipojitokeza zaidi, miguu ikiwa pamoja. Hapa kioo au msaidizi ni wa lazima, kwa sababu tepu hushuka kwa nyuma bila wewe kujua.

Kwa mwanamume:

495 ÷ (1.0324 − 0.19077 × log(tumbo − shingo) + 0.15456 × log(urefu)) − 450

Kwa mwanamke:

495 ÷ (1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.22100 × log(urefu)) − 450

Hiyo log ni ya kizio cha kumi. Simu nyingi huonyesha kitufe chake ukiilaza kikokotoo kikiwa wazi. Usibonyeze ln, itakupa majibu ya ajabu. Kwenye Excel au jedwali la Google, tumbo likiwa B2, shingo C2 na urefu D2, andika:

=495/(1.0324-0.19077*LOG10(B2-C2)+0.15456*LOG10(D2))-450

Mfano wa mwanamume mwenye urefu wa 175, tumbo 92, shingo 38. Tumbo toa shingo ni 54, na jibu ni asilimia 22.1. Akiwa na kilo 82, mafuta ni kilo 18.1 na kisichokuwa mafuta ni kilo 63.9. Sasa tuseme alipima akiwa ameshiba, tumbo likasoma 94. Jibu linaruka hadi 23.4. Sentimita mbili za wali na maji zimegeuka pointi 1.3 za mafuta ambayo hayapo. Ndiyo maana ya kupima asubuhi kabla ya kula.

Mwanamke wa urefu wa 162, kiuno 80, nyonga 104 na shingo 33 anapata 34.6.

Kanuni hii ina upofu wake. Mtu mwenye shingo nene ya mazoezi huonekana mkavu kuliko alivyo, na mwanamke mwenye nyonga pana za maumbile huonekana mnene kuliko alivyo. Haijalishi kwa ufuatiliaji, kwani maumbile hayabadiliki kati ya Januari na Aprili, lakini inajalisha sana ukianza kujilinganisha na rafiki yako.

Kalipa ya mkunjo wa ngozi

Kalipa ni kibano chenye kipimo cha milimita. Mkononi mwa mtu aliyefundishwa ni chombo kizuri. Mkononi mwa mtu anayejifunza hutoa namba tofauti kila dakika, na tatizo huwa ni vidole vyake.

Kanuni ya watafiti Jackson na Pollock ya sehemu tatu hutumia, kwa wanaume, kifua (mkunjo wa mshazari katikati ya kwapa na chuchu), tumbo (mkunjo wa wima, sentimita 2 kulia kwa kitovu) na paja (mkunjo wa wima, katikati ya kinena na goti). Kwa wanawake ni nyuma ya mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko, juu ya mfupa wa nyonga, na paja. Vyote upande wa kulia.

Bana ngozi pamoja na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada, uivute mbali na msuli. Kama huna hakika msuli umebaki nyuma, mwambie anayepimwa aukaze: ukihisi kitu kinaponyoka vidoleni, ulikuwa umeushika. Weka kalipa sentimita 1 kutoka vidoleni, achia mkono wa kalipa ubane wenyewe huku vidole vikiendelea kushika, na usome baada ya sekunde mbili. Ukisubiri zaidi, mafuta yanaendelea kubonyea na namba inashuka. Usipime sehemu moja mara tatu mfululizo. Zunguka sehemu zote, kisha rudi mwanzo, ili ngozi ipate kurudi hali yake. Ngozi iliyotoka kupakwa mafuta huteleza, na iliyotoka mazoezini imevimba kwa damu. Vyote viwili vinaharibu kipimo.

Ushauri wetu ni kwamba ukishapata milimita zako, zijumlishe na ufuatilie jumla hiyo bila kuibadilisha kuwa asilimia. Jumla ya 60 iliyoshuka hadi 48 ni habari safi. Kila kanuni unayoongeza juu yake inaongeza dhana, mojawapo ikiwa kwamba misuli na mifupa ya watu wote ina msongamano sawa, jambo ambalo si kweli. Kalipa pia haioni mafuta ya ndani ya tumbo, kwa hiyo haichukui nafasi ya tepu.

Mizani za kupima mafuta

Hizi ndizo zinazouzwa sana, na ndizo zinazopotosha sana. Zina vibati vinne vya kukanyaga. Hupitisha umeme hafifu kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kupima jinsi unavyozuiwa. Misuli ina maji mengi na hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia. Kutoka hapo mizani huchanganya urefu, umri na jinsia uliyoingiza, na kutoa asilimia.

Umeme unaoingia mguu wa kulia hutokea mguu wa kushoto. Tumbo haliguswi sana, na kitambi kinakadiriwa tu kutokana na miguu. Zaidi ya hapo, mizani inapima maji ikidhani inapima mafuta. Ukiamka na kiu, maji yamepungua, umeme unazuiwa zaidi, mafuta "yamepanda". Ukinywa nusu lita na kupanda tena papo hapo, uzito umeongezeka gramu 500 na miguu haijabadilika, basi mizani huelekea kuyahesabu maji hayo kuwa mafuta. Nyayo kavu zenye magamba au zilizopakwa mafuta huzuia umeme. Ngozi yenye joto baada ya kuoga maji moto huupitisha kwa urahisi. Mizani yenye hali ya "mwanamichezo" inaweza kushusha asilimia kwa pointi kadhaa kwa kubonyeza kitufe tu, mwili ukiwa ule ule.

Kama unayo, itumie kwa uzito. Asilimia yake isome kwa wastani wa wiki nne, nyayo zikiwa safi na zenye unyevu kidogo, asubuhi baada ya choo. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo asiipande kabisa, na mjamzito aiache.

Mashine za stendi na za milango ya maduka makubwa zinazotoa karatasi yenye urefu, uzito na mafuta ziwe za kujifurahisha tu. Unapimwa na viatu, simu, funguo na chakula cha mchana.

DEXA, inayotumia mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, ndiyo bora kati ya vipimo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata, na inaonyesha mafuta yalipo: mikononi, kiwiliwili, miguuni. Ipo katika baadhi ya hospitali kubwa kwa ajili ya kupima mifupa, kwa hiyo uliza kama wanatoa pia ripoti ya mwili mzima. Nayo hukosea pointi moja au mbili, na mashine mbili hazikubaliani. Rudi kwenye ile ile.

Kufuatilia mabadiliko

Uzito upimwe kila asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula na kunywa, na nguo zile zile au bila nguo. Usiutazame uzito wa siku moja. Mwisho wa wiki jumlisha siku saba, gawa kwa saba, andika wastani. Uzito wa mtu mzima huyumba kilo moja au mbili kwa siku kwa sababu ya chumvi, wanga na choo, na wastani ndio unaotuliza kelele hizo. Tepu itumike kila baada ya wiki mbili, kalipa kila baada ya wiki nne. Wanawake wanaopata hedhi walinganishe siku ile ile ya mzunguko, kwa mfano siku ya saba kwa siku ya saba, kwani siku za kabla ya hedhi mwili hushika maji na tumbo hujaa.

Katika daftari, weka tarehe, wastani wa uzito, kiuno, tumbo kwenye kitovu, nyonga, shingo, mkono wa juu, paja, na safu ya maelezo: usingizi mbaya, safari, harusi, ugonjwa, hedhi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokueleza mwezi Juni kwa nini Mei iliharibika. Ongeza namba moja ya nguvu, kama idadi ya pushapu au uzito unaonyanyua, kwa sababu misuli inayopungua huanza kuonekana hapo.

Turudi kwa yule wa kilo 82. Wiki kumi na mbili baadaye wastani ni kilo 78.5, tumbo 86, shingo 37.5. Kanuni inatoa asilimia 18.1. Mafuta ni kilo 14.2, kisichokuwa mafuta ni 64.3. Ameshuka kilo 3.9 za mafuta, na hilo tunaliamini, kwa sababu tumbo limepungua sentimita 6 na uzito umeshuka sambamba. Je, ameongeza gramu 400 za misuli? Hapana, namba hiyo haithibitishi. Ni ndogo kuliko kosa la kipimo, na nusu sentimita ya shingo inaweza kuizalisha au kuifuta karibu yote. Anachoweza kusema ni kwamba misuli haijapungua kwa kiasi kinachoonekana.

Wiki ya kwanza ya mlo mpya usiihesabu. Mtu akikata ugali, wali na mkate, akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini hupungua, na kila gramu yake huondoka na karibu gramu 3 za maji. Kilo mbili zinaweza kwenda kwa siku tano na mafuta yakawa yameguswa kidogo tu. Zitarudi siku ya pilau, nalo hilo si mafuta. Anayeanza kutumia kreatini, kirutubisho cha wanyanyua vyuma, ataona kinyume chake: uzito unapanda, misuli inashika maji, kiuno kimetulia.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uangalifu wake. Kipimo cha kabla ya futari kinamkuta mtu amekaukiwa, cha baada ya futari kinamkuta amejaa. Kwa anayefunga, wakati unaofaa ni kuamka, kwenda choo na kupima kabla ya daku, na namba hizo zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe mpaka mwezi uishe.

Ukisoma safu kwa pamoja, hali chache hujirudia. Uzito umeshuka, kiuno kimeshuka, nguvu ipo pale pale: endelea. Uzito haujasogea kwa wiki sita lakini kiuno kimepungua sentimita 3 na unanyanyua zaidi: unapunguza mafuta na kujenga misuli, usikate chakula zaidi. Uzito unashuka, kiuno kimekataa, nguvu inapotea: unakula kidogo mno au protini haitoshi, na misuli inalipa. Kasi inayolinda misuli ni kushuka kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa mwenye kilo 80 ni gramu 400 hadi 800.

Kuhusu lengo, Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, huweka wanaume wanaofanya mazoezi kwenye asilimia 14 hadi 17 na wanawake 21 hadi 24, na unene kuanzia 25 kwa wanaume na 32 kwa wanawake. Yapo mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo, takriban asilimia 3 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke. Mwanamke anayekonda hedhi ikakatika ameshavuka mpaka, hata kama namba yake bado inaonekana nzuri. Ale zaidi, na amwone daktari.

Kanuni hizi zote ni za watu wazima. Usimpime mtoto kwa hizi. Kliniki ina chati za ukuaji. Mjamzito asizitumie.

Mambo mawili yasisubiri kipimo kijacho. Kilo zinazoshuka bila wewe kukusudia, hasa pamoja na kikohozi, homa za usiku, kiu kali au kukojoa sana, zipeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Na tumbo linalokua haraka huku mikono na uso vikikonda, au miguu inayobaki na shimo ukiibonyeza kwa kidole, linaweza kuwa limejaa maji kutokana na ini, moyo au figo. Tepu itaonyesha sentimita zimeongezeka, lakini haiwezi kukuambia kuwa si mafuta.